Nchi Yako, Nyumba Yake

Kila daladala ikipita karibu na AICC, nakumbuka kifungu kimoja. Mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa hapa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Itifaki yake ya wakimbizi ilitangulia, tarehe 9 Juni. Inaanza kwa kusema kwamba kurudi nchini ni haki ambayo mkimbizi hawezi kunyang'anywa. Kifungu cha nne kinakiri pia haki ya mali, kisha kinashauri: aliyeondoka zaidi ya miaka kumi iliyopita asidai mali ambayo tayari ina mtu mwingine. Serikali impe ardhi kwingine.

Watutsi walianza kukimbia mwaka 1959. Kwao miaka kumi ilikuwa imepita mara tatu. Walirudishiwa nchi, wakaombwa wasibishe hodi nyumbani kwao.

Mara ya kwanza kukisoma nilikasirika. Kwani dhuluma ikizeeka inageuka halali? Kisha nikamfikiria mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, asiyemdhulumu mtu.

Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi yao vita vya 1948. Azimio 194 la Umoja wa Mataifa, la Desemba mwaka huo, linataja kurudi majumbani mwao. Zipo familia zinazotunza funguo hadi leo. Israeli hujibu kwamba wakirudi wote, Wayahudi hawatakuwa tena wengi katika taifa pekee walilo nalo. Kwa watu waliotoka kuuawa kwa mamilioni Ulaya, hofu hiyo si ya kubuni.

Lakini hata Rwanda, mwaka 1986, chama tawala cha Habyarimana kilisema nchi ni ndogo, wakimbizi hawawezi kurudi kwa wingi. Hapo hoja si nyumba tena. Ni nani anahesabiwa mwenye nchi.

Ndiyo maana siamini kifungu chetu kinaweza kubebwa kilivyo kupelekwa Palestina. Nyumba inaweza kufidiwa, ila fidia ina maana pale tu aliyeondoka anapokubaliwa kwanza kuwa naye ni wa pale. Arusha iliandika hilo. Waliolikataa waliua kuanzia Aprili 1994, na mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo ikaja kukaa AICC.

Konda anaita kituo. Nashuka.