Wauza Barafu

Msomaji, ukitaka kujua jinsi kampuni changa inavyoweza kuipindua kazi ya kale, itazame biashara ya barafu katika karne ya 19.

Zamani wenyeji wa Bengal, katika Bara Hindi, walikuwa na ufundi wao wa kupata barafu. Usiku wa baridi walitia maji katika vyungu vipana visivyo na kina, wakavipanga juu ya majani makavu chini ya anga wazi. Kabla ya jua kuchomoza waliokota utando mwembamba wa barafu, wakaupeleka kuuzwa mjini Calcutta. Jasho lilikuwa jingi na mavuno yalikuwa haba.

Mwaka 1806 Frederic Tudor, kijana wa miaka 22 wa Boston, Marekani, alipakia barafu ya ziwa katika merikebu akaipeleka kisiwa cha joto cha Martinique. Watu walimcheka. Alipata hasara, na baadaye akafungwa kwa ajili ya madeni, lakini hakukata tamaa. Alijifunza kuihifadhi barafu kwa unga wa mbao isiyeyuke upesi. Mwaka 1825 Nathaniel Wyeth alibuni plau ya kukatia barafu iliyokokotwa na farasi, gharama ikapungua. Mwaka 1833 merikebu Tuscany iliondoka Boston na tani zipatazo 180. Baada ya safari ya miezi minne, tani 100 hivi zilifika Calcutta. Vyungu vya Bengal vikashindwa na bidhaa iliyotoka upande wa pili wa dunia.

Lakini mshindi wa jana aweza kuwa mshinde wa leo. Mwaka 1851 John Gorrie, daktari wa Florida aliyetaka kuwapoza wagonjwa wa homa, alipewa haki ya uvumbuzi wa mashine ya kutengeneza barafu. Hakupata fedha za kuieneza, akafa mwaka 1855 bila ya kufaidi. Wazo lake halikuzikwa naye. Mwaka 1878 kampuni ya kutengeneza barafu kwa mashine iliundwa Calcutta kwenyewe, na haikuchukua miaka mingi biashara ya barafu ya Boston katika mji huo ikafa.

Je, wafanyabiashara wa Boston walikuwa wavivu? La, hasha! Walizidi kutengeneza plau bora na maghala bora. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba wateja walitaka barafu ya ziwa. Wateja walitaka ubaridi, wala hawakujali kama umetoka ziwani au mashineni.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika biashara si kila mwenyeji hupona, mafundi wa vyungu hawakupona, wala waliowashinda. Basi, siku utakapochagua kazi, kabla ya kujiuliza utauza nini, jiulize watu wana haja gani. Bidhaa hupita, haja hubaki. Na mlango usioufungua wewe, mgeni ataufungua.