Helikopta Inayojiendesha na Anga la Maziwa Makuu

Helikopta ndogo inayojiendesha inadaiwa mengi na watu waliorusha helikopta ndogo kwa rimoti. Mwaka 1991 Marekani ilianzisha mashindano ya roboti za angani: chombo kihamishe visahani vya chuma bila rubani. Chuo Kikuu cha Stanford kilifaulu mwaka 1995, kwa helikopta iliyoongozwa na GPS. Kompyuta za mkononi kama iPAQ, iliyotoka mwaka 2000, zikaleta nguvu ya hesabu katika uzito ambao chombo kidogo kingeweza kubeba.

Ugumu wenyewe uko katika kutulia. Helikopta ikiachwa huinama upande mmoja na kuanguka mara moja. Hivyo vihisio hupima mzunguko na mwinamo, kompyuta hulinganisha na hali inayotakiwa, kisha huamuru mota ndogo zinazogeuza pembe ya mapanga, mara nyingi kila sekunde. Mtetemo wa injini huvuruga vipimo, na uliwatesa waundaji.

Ukanda wa Maziwa Makuu ulipokea haraka droni, yaani vyombo vya angani visivyo na rubani, ingawa si zote zilizokuwa helikopta. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza Goma. Rwanda ilianza kusambaza damu kwa droni mwaka 2016. Mwaka 2018 droni iliyopaa wima kama helikopta ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40.

Thamani ambayo mwendo huo ungekuwa nayo inaonekana Bwera, mji wa Uganda ulio mkabala na Kasindi ya Kongo. Ebola ilipovuka mpaka Juni 2019, wagonjwa walitibiwa Bwera, lakini sampuli zilipimwa Entebbe, mbali kando ya Ziwa Victoria.