Usajili wa makandarasi wa maji na majitaka (Kenya)

Usajili wa makandarasi wa maji na majitaka ni utaratibu wa kisheria unaoipa kampuni idhini ya kufanya biashara ya kujenga mifumo ya maji safi na majitaka. Nchini Kenya unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 41 ya mwaka 2011.

Madaraja

Kazi za maji ni fungu linalojitegemea, kando ya majengo, barabara, mitambo na umeme. Madaraja ni manane, kuanzia NCA8 hadi NCA1. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kandarasi, isipokuwa NCA1.

Masharti

Angalau mkurugenzi mmoja wa kampuni lazima awe na ujuzi wa kiufundi unaotambuliwa. Maombi hupelekwa mtandaoni pamoja na cheti cha usajili wa kampuni, fomu ya CR12 inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, cheti cha ulipaji kodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), vyeti vya masomo na ushahidi wa kazi zilizokwisha kufanywa. Leseni huhuishwa kila mwaka. Mkandarasi wa kigeni husajiliwa kwa muda, kwa mradi maalumu, na hutakiwa kuwapa Wakenya sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi.

Mipaka ya cheti

Cheti cha NCA hakimruhusu mkandarasi kuunganisha bomba kwenye mtandao wa umma. Idhini hiyo hutolewa na kampuni ya maji ya eneo husika. Kukata barabara nako kunahitaji kibali cha mamlaka inayoitunza. Mradi wenyewe pia husajiliwa NCA kabla ya kuanza.

Umuhimu

Kazi ya mabomba hufukiwa, na kosa likishafukiwa hulipwa na wakazi. Ndiyo maana bomba la maji safi hujazwa maji na kupandishwa shinikizo kabla ya mtaro kufukiwa: mshale wa geji ukishuka, kuna kiungo kinachovuja. Bomba la majitaka hutegemea mteremko. Ukiwa mdogo mno uchafu hutuama, chemba hufurika na kinyesi huingia mitaani. Ndani ya chemba mna hatari nyingine, gesi ya salfaidi ya haidrojeni, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Fundi anayeshuka bila hewa kupimwa na bila mwenzake kubaki juu ameshika kamba anaweza kufa kwa dakika chache, na wengi hufa wakijaribu kuokoana.

Tanzania

Nchini Tanzania usajili ni jukumu la Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, na wa kazi maalumu matatu. Katika nchi zote mbili, mwenye mradi anapaswa kuthibitisha daraja la mkandarasi kwa msajili mwenyewe kabla ya kutia saini mkataba.