Uvimbe wa Tatu

Mwaka 1809 mpasuaji wa Scotland, James Wardrop, alishauri kwamba jicho la mtoto lenye saratani liondolewe mapema. Baadaye Albrecht von Graefe wa Berlin akasisitiza mshipa wa fahamu wa jicho ukatwe kwa urefu, maana ndio unaopitisha ugonjwa kwenda kichwani. Ushauri wao uliokoa watoto wengi, lakini uliacha mazoea ya kufikiri: mtoto wa retinoblastoma, yaani saratani hiyo ya jicho, akipata uvimbe ubongoni, basi saratani ya jicho imesafiri, na tiba imefika mwisho. Kwa maoni yangu dhana hiyo iligharimu maisha mengi kuliko upungufu wa dawa. Ilianza kuvunjika mwaka 1971, mtafiti Alfred Knudson alipoonyesha kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu ya jeni katika kila seli ya mwili. Ikiwa hitilafu imo kila mahali, kwa nini saratani ianzie machoni tu? Mwaka 1977 mtafiti Jakobiec na wenzake walieleza kuhusu watoto waliougua macho yote mawili kisha wakaota uvimbe kwenye tezi ya pineali, katikati ya ubongo. Kwa samaki na mijusi tezi hiyo huhisi mwanga, kwa hiyo udugu wake na retina, utando wa jicho unaopokea mwanga, si wa kubuni. Uvimbe ule ulikuwa mpya, haukusafiri.

Atakayepinga atasema kilichookoa watoto ni mashine ya MRI na dawa kali za saratani, zikifuatiwa na kurudishiwa seli shina zao wenyewe, wala si nadharia. Lakini nani angempiga picha ya ubongo mtoto asiyelalamikia kichwa, kama hakutarajia kukuta kitu? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kugundua mapema hurefusha hesabu ya miaka bila kurefusha maisha. Lina ukweli, ila haliwezi kufuta tofauti yote: uchambuzi wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa uvimbe wa pineali, waliofikisha miaka mitano walikuwa asilimia 6 kabla ya 1995, na 44 baada ya hapo. Mzazi ambaye mwanawe ana saratani macho yote mawili amuulize daktari kuhusu kipimo cha ubongo, hata kama macho yametibiwa vizuri.