Kahawa ya Mbinga inaonjwaje? Mambo ya kujua kabla gunia halijaondoka

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mtu anaweza kulima kahawa miaka 30. Anajua mti upi unazaa vizuri na upi umeshambuliwa na chulebuni. Lakini ukimuuliza kahawa yake ina ladha gani, hana jibu. Asubuhi nyumbani kwake inanywewa chai.

Gunia linaondoka, na anayeionja kahawa ile ni mtu mwingine, mbali na shamba, akiwa na kijiko mkononi. Anachokisema mtu huyo kinachangia kuamua bei. Bei ya soko la dunia mkulima hawezi kuigusa. Ladha anaiweza, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya ladha hutokea hapo hapo kijijini, kati ya siku ya kuchuma na siku ya kufunga gunia.

Kwa ufupi

- Ukubwa wa punje na ladha ni vitu viwili tofauti. AA inaweza kuwa mbovu kikombeni.
- Waonjaji hutoa alama kati ya 100. Kahawa inayofika 80 huhesabiwa kuwa kahawa maalumu.
- Punje moja iliyovunda inaweza kuharibu kikombe kizima.
- Mkulima anaweza kuonja kahawa yake nyumbani kwa kikaango, kinu na kijiko.

Gunia linapita wapi?

Katika nyanda za kusini, uvunaji huanza mwezi Mei au Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Matunda mekundu yanamenywa, yanavundikwa ili utelezi utoke, yanaoshwa, kisha yanaanikwa. Kinachopatikana ni kahawa ya pachimenti, yaani punje kavu ikiwa bado na ngozi yake ngumu.

Kwa wakulima wengi wadogo, pachimenti hiyo hukusanywa kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, halafu inapelekwa kiwandani kukobolewa. Baada ya kukobolewa inapangwa kwa madaraja, sampuli inachukuliwa, inakaangwa na kuonjwa. Mnunuzi naye huonja kabla ya kutoa bei kwenye mnada, ambao husimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao makuu Moshi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Kahawa ya wakulima wengi inachanganywa kuwa mzigo mmoja. Akiwepo mmoja aliyeleta kahawa iliyovunda, alama zinashuka kwa wote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

AA maana yake nini?

Watu wengi wanadhani AA ni kahawa tamu kuliko zote. Si kweli. AA ni ukubwa tu. Punje hupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya namba. AA ni zile zinazobaki juu ya chekeche namba 18, ambalo tundu lake lina upana wa milimita 7 hivi. Zinafuata A, B na C, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

PB ni kitu kingine. Kwa kawaida tunda la kahawa lina punje mbili zilizobanana, ndiyo maana zina upande bapa. Mara nyingine tunda linatoa punje moja tu, ya mviringo. Hiyo ndiyo PB, na PB ya Tanzania ina wapenzi wake wengi nchini Marekani.

Punje kubwa mara nyingi hutoka kwenye mti uliotunzwa vizuri, kwa hiyo daraja lina maana yake. Ila AA iliyolala kwenye maji siku tatu itashindwa na B iliyochakatwa kwa uangalifu. Kwenye kikombe hakuna cha ukubwa.

Mezani kwa waonjaji

Utaratibu unaofahamika zaidi duniani ni ule wa Specialty Coffee Association, kwa kifupi SCA. Kazi huanza hata kabla ya maji kuchemka. Gramu 350 za kahawa iliyokobolewa humwagwa mezani na kuchambuliwa kwa macho, kutafuta punje nyeusi, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu au zilizovunjika. Baada ya hapo, mambo huenda hivi:

1. Kukaanga. Kahawa hukaangwa kwa dakika 8 hadi 12, iwe kahawia na si nyeusi. Ikiungua, inaficha ladha yake halisi. Huachwa ipumzike angalau saa 8.
2. Kusaga na kunusa. Husagwa muda mfupi kabla ya kuonja, gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji. Harufu hunuswa ikiwa bado unga mkavu.
3. Maji. Maji ya nyuzi joto 93 hivi humiminwa moja kwa moja juu ya unga. Hakuna kuchuja, hakuna sukari, hakuna maziwa.
4. Kuvunja tabaka. Baada ya dakika 4 hivi, unga uliopanda juu husukumwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Kisha povu na unga unaoelea hutolewa.
5. Kuvuta. Ikipoa kidogo, kama dakika 8 hadi 10 baada ya kumiminwa maji, mwonjaji huchota kijiko na kuvuta kwa nguvu, kwa sauti. Nyumbani mtoto angekemewa. Pale ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kuvuta hutawanya kahawa mdomo mzima na kupeleka harufu puani.
6. Kutema. Waonjaji wengi hutema. Mtu akimeza vikombe 50 kwa siku, hatalala.

Kila sampuli huwekwa vikombe vitano, si kimoja. Ikiwa vinne ni vizuri na kimoja kinanuka, maana yake kuna punje mbovu zimejificha ndani ya mzigo. Mwonjaji hurudia kuonja kadiri kahawa inavyopoa, maana joto huficha kasoro. Kahawa inayoonekana nzuri ikiwa ya moto inaweza kuumbuka ikipoa.

Wanatafuta nini?

Fomu iliyotumika kwa miaka mingi ina vipengele 10, kila kimoja kikiwa na alama zisizozidi 10. Tangu 2023 SCA imeanza kuleta mfumo mpya unaotenganisha maelezo ya ladha na maoni ya mwonjaji, lakini mambo ya msingi hayajabadilika.

- Harufu. Maua, karanga, chokoleti, matunda? Au udongo, moshi, ukungu?
- Uchachu. Hili ndilo huwachanganya wengi. Uchachu mzuri ni kama wa limau, pesheni au embe linaloanza kuiva: unachangamsha ulimi kisha unaondoka. Uchachu mbaya ni wa siki au uji uliolala.
- Uzito. Kahawa ikiwa mdomoni, ni nyepesi kama maji au nzito kama maziwa? Yote mawili yanaweza kuwa mazuri.
- Utamu. Si sukari iliyoongezwa. Ni utamu wa tunda lililoiva mtini.
- Ladha inayobaki. Baada ya kutema, kinabaki nini? Kahawa nzuri huacha ladha safi inayokaa. Mbovu huacha ukakasi.
- Usafi. Kuanzia funda la kwanza hadi la mwisho, hakuna ladha ya ajabu iliyojitokeza.
- Uwiano. Hakuna kimoja kinachofunika vingine vyote.

Hakuna uchawi hapa. Mnywaji wa ulanzi akipiga funda moja anajua kama ni wa leo au wa juzi. Mama anayepika anajua dagaa waliolowa mvua wakati wa kukauka. Ulimi huo huo unaweza kufundishwa kahawa.

Kasoro na chanzo chake

Sehemu hii ndiyo yenye pesa. Mwonjaji akiandika neno moja baya kwenye fomu, mara nyingi neno hilo lina tarehe na mahali lilipoanzia.

*Ladha ya majani mabichi au ukakasi.* Matunda ya kijani yalichumwa pamoja na mekundu. Mti wa kahawa hauivishi matunda yote siku moja, hivyo ni lazima kupita shambani mara kadhaa. Anayekwangua tawi zima kwa mara moja anaokoa muda na kupoteza alama.

*Siki, kitunguu kilichooza au harufu ya kuvunda.* Kahawa ilikaa bila kumenywa hadi kesho yake, au ilivundikwa kupita kiasi. Muda wa kuvundika hutegemea baridi ya mahali, kwa kawaida saa 12 hadi 36. Milimani huchukua muda mrefu kuliko bondeni. Kipimo cha wakulima wengi ni mkono: punje zikisuguana kwa ukwaru na utelezi umekwisha, ni wakati wa kuosha. Punje zilizobaki kwenye mashine tangu jana zikichanganyika na za leo, nazo huleta shida hiyo hiyo.

*Udongo au ukungu.* Ilianikwa chini, au ilinyeshewa na haikufunikwa. Vichanja vya kuanikia vipo kwa sababu hiyo: hewa hupita juu na chini, na mkeka hukunjwa haraka wingu likija. Pachimenti inatakiwa ifungwe kwenye gunia ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ikizidi hapo, ukungu unaanzia ndani ya gunia.

*Moshi, mafuta ya taa au samaki.* Kahawa hunyonya harufu. Gunia likiwekwa karibu na jiko, dumu la mafuta, mbolea au mzigo wa dagaa kutoka Mbamba Bay, mwonjaji atakutana navyo kikombeni. Kahawa haifai kulala chumba kimoja na dagaa hata kama ni usiku mmoja.

*Kiazi kibichi.* Kasoro hii inajulikana sana Rwanda, Burundi na Kivu, mashariki mwa Kongo. Inahusishwa na mdudu aitwaye antestia, anayefyonza matunda yakiwa mtini. Punje inaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho, ikajulikana tu ikishasagwa.

Kuonja nyumbani bila maabara

Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, wala halitatoa alama 84 au 86. Linachoweza kufanya ni kumwonyesha mkulima gunia bovu kabla halijachanganywa na mazuri.

Mkulima achukue konzi mbili za pachimenti kutoka kila gunia au kila siku ya kuchuma. Azitwange taratibu kwenye kinu ngozi itoke, apepete kwenye ungo. Akaange kwenye kikaango kisafi, kisicho na mafuta wala harufu ya vitunguu, akikoroga bila kuacha kwa dakika 10 hivi hadi iwe kahawia. Aipoze haraka kwenye ungo, aiache hadi kesho.

Siku ya pili atwange au asage. Kijiko cha chakula kimoja na nusu, kilichosawazishwa, kinatosha kikombe kidogo cha mililita 150. Maji yakishachemka yasubiri kama dakika moja, kisha yamiminwe. Vikombe vitatu kwa kila gunia ni vizuri kuliko kimoja.

Muhimu zaidi, mwonjaji asijue kikombe kipi ni cha gunia lipi. Mtu mwingine aandike namba chini ya vikombe na kuvizungusha. Mtu akijua kahawa ni yake, ulimi unampendelea. Wakiwa watatu au wanne, kila mmoja aandike maoni yake kimya kimya kwanza, maana mzee mmoja akisema "hii safi", wengine wote wataitikia.

Aonje ikiwa ya moto, ya vuguvugu na iliyopoa kabisa, akisuuza kijiko kila anapohama kikombe. Gunia likionyesha siki au ukungu, liwekwe pembeni na lisichanganywe na mengine. Kisha arudi nyuma kutafuta: lilimenywa siku gani, lilianikwa wapi, lililala chumba gani?

Jina linapotea njiani

Chupa ya mvinyo mwekundu wa bei nafuu kutoka Ufaransa, hata ile ya chini kwenye rafu ya dukani, mara nyingi huandikwa eneo ulikotoka, mfano Bordeaux au Côtes du Rhône. Mnywaji akiupenda, anajua eneo la kurudia. Akiuchukia, pia anajua.

Kahawa ya Mbinga mara nyingi haina bahati hiyo. Inachanganywa na nyingine na jina linaishia njiani. Nchini Japani, kahawa ya Arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama haikulimwa karibu na mlima huo, isipokuwa ile ya Bukoba. Maana yake mtu wa Tokyo anaweza kuwa ananywa kahawa ya Umatengo na kuusifia Kilimanjaro.

Wanunuzi wa kahawa maalumu, wanaotaka kujua kijiji, chama na mwinuko, ndio wanaoweza kulirudisha jina hilo kwenye pakiti. Lakini hao ndio wanaoonja kwa ukali zaidi, na wanataka ladha ile ile msimu hadi msimu. Chama kinachoweza kuwaambia "mzigo huu tumeuonja wenyewe, na gunia lile tuliliondoa kwa sababu hii" kinaanza mazungumzo ya bei kikiwa na kitu mkononi.

Kwa kuanzia, si lazima kusubiri mradi wala mtaalamu. Vikombe sita, kijiko, kinu na jioni moja katikati ya msimu vinatosha kujua kahawa ya nyumbani ina ladha gani.