Magari yasiyolazimika kukatiwa bima, na haki ya anayegongwa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, bila bima ya kuwafidia watu wengine watakaodhurika. Vipo, hata hivyo, vyombo visivyofungwa na sharti hilo, na wakazi wa Migori na Homa Bay hukutana navyo kila siku.

Baiskeli, mkokoteni wa punda na gari la kukokotwa na ng'ombe havimo. Pikipiki ya bodaboda imo, japo wapo wahudumu wanaoichukulia kama baiskeli iliyoongezewa kelele. Kuhusu trekta, kinachotazamwa ni barabara: likilima shambani Awendo halidaiwi bima, likiingia na trela la miwa katika barabara kuu ya Kisii hadi Isebania, linadaiwa.

Msamaha wenye uzito zaidi ni wa magari ya Serikali, yale ya nambari za GK. Serikali huhesabiwa kuwa na uwezo wa kujilipia madeni yake. Lakini kusamehewa bima si kusamehewa fidia. Anayegongwa na gari la polisi pale Rodi Kopany au Uriri ana haki ya kumshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya Serikali.

Hapa ndipo wengi hupotea. Aliyegongwa na matatu ana miaka 3 ya kufika kortini. Aliyegongwa na gari la Serikali ana miezi 12 pekee, kwa mujibu wa Sura ya 39. Kwa mgonjwa anayengoja mfupa uunge, mwaka huo ni mfupi ajabu.

Na akishinda? Kampuni ya bima hulazimika kulipa, hadi Sh3 milioni kwa dai. Mali ya Serikali, kuu au ya kaunti, haipigwi mnada. Mshindi hupewa cheti cha deni akipeleke kwa wizara husika. Isipolipa, hurudi Mahakama Kuu, iliyo na vituo Migori na Homa Bay, kuomba amri ya kumshurutisha afisa wa hesabu.

Kwa hivyo jamaa za majeruhi wasikawie kuandikisha ajali kituoni, kuchukua fomu ya P3 na kuhifadhi nambari ya gari pamoja na ile ya kitabu cha matukio. Tarehe ya ajali ndiyo inayoanza kuhesabiwa, wala si siku ya kutoka hospitalini.