Yadi ya Reli na Foleni ya Malori: Tunduma Mpakani

Mpaka wa Tanzania na Zambia unaokatiza Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, lakini uzito wake kibiashara ulionekana hasa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, pale Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kwa njia za kusini kupitia Rhodesia, ilipolazimika kuigeukia bandari ya Dar es Salaam, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupishana Tunduma kwenye barabara ya vumbi ambayo masika iliigeuza tope.

Jibu la kudumu lilikuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Kwa kuwa reli hiyo ni ya njia moja, treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu, ambako moja huingia njia ya pembeni na kuingoja nyingine. Na mabehewa hupangwa katika yadi, yaani njia kadhaa zilizolazwa sambamba kando ya njia kuu. Yadi ya mpakani huwa kubwa pale upana wa reli unapobadilika, kwa sababu shehena yote hupakuliwa na kupakiwa upya. Tunduma iliepushwa na adha hiyo kwa uamuzi wa busara kubwa: reli ilipewa upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, na pande zote mbili zikawekwa chini ya mamlaka moja. Kazi ya kuhamisha shehena iliangukia Kidatu, TAZARA inakokutana na reli ya kati ya Tanzania yenye upana wa milimita 1,000.

Hata hivyo, TAZARA haikuwahi kufikia tani milioni 2 kwa mwaka ilizokusudiwa kubeba, na kadiri ilivyodhoofika shehena ilirudi barabarani, hata barabara yenyewe ikawa yadi: malori yaliegeshwa mstari mrefu yakingoja forodha za nchi mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, kiliunganisha ukaguzi huo katika kituo kimoja, jambo ambalo waliosanifu reli walikuwa wamelikaribia nusu karne kabla.